Je, Bangi ni Dawa?



Hapa Kihesa, kama katika miji mingine ya nyanda zetu za juu, kuna neno moja lililoenea vinywani mwa vijana, nalo husemwa kwa uhakika kana kwamba limetoka katika kitabu cha daktari: "Bangi ni dawa." Zamani aliyevuta bangi alijificha, na alipoonekana aliona haya. Siku hizi kijana aulizwaye na mzazi wake hujibu bila kusita: "Baba, hata Wazungu wameipima, wakaona ni dawa." Mzazi hunyamaza. Hajui ajibu nini, maana yeye alifundishwa tu kwamba bangi ni kitu kibaya, wala hakufundishwa kwa nini.

Kama neno hilo lingekuwa uongo mtupu, jibu lingekuwa rahisi. Lakini ndani yake mna punje ya kweli, na uongo uliochanganyika na kweli ndio udanganyao watu wengi kuliko uongo mtupu. Kwa hiyo leo twataka kuchukua ungo na kulipepeta neno hili, ili nafaka ibaki na makapi yaende na upepo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Lugha yetu hutumia neno "dawa" kwa mambo mengi. Kidonge cha malaria ni dawa. Unga tuupakao mahindi ghalani yasibunguliwe ni dawa. Ile ya kuulia panya nayo ni dawa. Hata Serikali, inapokataza bangi na heroini, huziita dawa za kulevya. Lakini hakuna mama aonaye dawa ya panya akasema, "Hii ni dawa, na mtoto wangu ni mgonjwa, basi na anywe." Mama huyo huuliza kwanza: Ni dawa ya nini? Ni ya nani? Ni kiasi gani? Na nani ameipima? Maswali haya manne ndiyo tutakayoiuliza bangi.

PUNJE YA KWELI

Mmea wa bangi una kemikali za jamii yake zaidi ya 100. Mbili ndizo zijulikanazo zaidi. Ya kwanza wataalamu huiita THC, na hiyo ndiyo ilevyayo. Ilitengwa na kutambuliwa mwaka 1964 na wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Ya pili ni kanabidioli, ambayo kwa kifupi huitwa CBD, nayo hailevyi. Zote mbili hukaa katika mmea mmoja, kama vile katika muhogo mchungu chakula na sumu hukaa pamoja. Na kila mama aupikaye muhogo huo ajua kwamba hauliwi kabla ya kulowekwa na kuanikwa.

Wataalamu wamefanya kazi ya kutenga kilicho cha kufaa. THC iliyotengenezwa maabara ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 1985 kuwa dawa ya kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa dawa kali. CBD iliyosafishwa ilikubaliwa huko mwaka 2018, kwa jina la Epidiolex, kwa wagonjwa wenye aina mbili za kifafa kikali kilicho adimu, ziitwazo Lennox-Gastaut na Dravet. Watoto waliokuwa wakianguka mara nyingi kwa siku wamepata nafuu.

Mambo hayo ni kweli, wala Kanisa haliogopi kweli. Akili ya kuchunguza viumbe ni kipaji cha Mwenyezi Mungu, na daktari apunguzaye maumivu ya mtoto afanya kazi ya huruma.

Lakini tazameni jinsi dawa hiyo itolewavyo. Mtoto hupimwa uzito. Akiwa na kilo 20, huanza na miligramu 50 asubuhi na miligramu 50 jioni, kisha daktari huongeza pole pole. Damu yake hupimwa kabla na baadaye, kwa sababu dawa hiyo yaweza kudhuru ini, hasa ikikutana na dawa nyingine za kifafa. Katika chupa imeandikwa kiasi kilichomo katika kila mililita. Basi hapa maswali yetu manne yote yana majibu: ni dawa ya kifafa fulani, ya mgonjwa fulani, kwa kiasi fulani, nayo imepimwa na watu wanaojulikana ambao waweza kushitakiwa wakikosea.

DAWA ISIYO NA KIPIMO

Sasa chukueni msokoto uuzwao kichochoroni, mkaulize maswali yale yale. Ni dawa ya nini? Muuzaji atasema ya kila kitu: ya mawazo, ya nguvu za kulima, ya hamu ya chakula, ya kuelewa hesabu. Ni ya nani? Ya yeyote mwenye fedha, hata mtoto wa darasa la sita. Ni kiasi gani? Hajui. Nani ameipima? Hakuna.

Msidhani kutojua kipimo ni jambo dogo. Huko Marekani, ambako bangi iliyokamatwa imepimwa mwaka kwa mwaka, THC ilikuwa kama sehemu 4 katika 100 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imefika kama 15. Asemaye, "Babu yangu alivuta, akaishi hadi uzee," huenda asema kweli juu ya babu yake, lakini bangi aliyovuta babu siyo ile aivutayo mjukuu. Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikikamata ile kali iitwayo skanka, na hata biskuti zilizotiwa bangi. Biskuti hizo zina hatari yake. Avutaye husikia ulevi upesi. Alaye husubiri nusu saa hata saa mbili. Katika kusubiri huona kwamba hakuna kitu, akala ya pili na ya tatu, kisha zote humwangukia pamoja. Na mtoto mdogo aikutaye biskuti mezani hajui kuitofautisha na ya dukani.

Mwaka 2019 Wamarekani walipata fundisho chungu. Watu walianza kufika hospitali wakishindwa kupumua, mapafu yameungua. Wengi wao walikuwa wamevuta mvuke wa mafuta yenye THC yaliyotengenezwa kwa siri, ambayo wauzaji waliyaongezea mafuta ya vitamini E ili yaonekane mazito na ya thamani. Kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa zaidi ya 2,800, na katika hao 68 walikuwa wamekufa. Vitamini E ni chakula kizuri tumboni. Ndani ya mapafu ikawa mauti. Hivi ndivyo yanavyotokea pale ambapo hakuna apimaye.

Lakini moyo wetu waumia hasa kwa ajili ya mama mwenye mtoto wa kifafa. Ugonjwa huu umeonewa aibu katika vijiji vyetu tangu zamani. Wengi hudhani waambukiza kwa mate, na kwa hiyo humwacha mtoto aungue motoni pasipo kumgusa. Mama huyo akisikia kwamba bangi hutibu kifafa, aweza kuchemsha majani na kumnywesha mwanawe. Hatumlaumu moyo wake, maana upendo ndio umsukumao. Lakini majani yale yana THC ilevyayo, kwa kiasi asichokijua mtu. Siyo CBD ile iliyosafishwa. Tena akimwachisha ghafla vidonge alivyopewa zahanati, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu hata kuua. Mama, usichemshe majani hayo. Mrudishe mtoto zahanati, na kama vidonge havimsaidii, sema hivyo waziwazi, uombe apelekwe hospitali kubwa.

HASARA KWA VIJANA

Hatutaki kuwatisha watu kwa maneno yasiyo kweli. Bangi haiui upesi kwa kuzidisha kiasi kama heroini iuavyo. Kijana akiambiwa kwamba atakuwa kichaa kwa msokoto wa kwanza, naye akaona rafiki yake amevuta na bado anacheza mpira, hatatuamini tena hata siku tusemapo kweli. Basi tuseme kweli tupu, maana yatosha.

Katika nchi ya Sweden vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini waliulizwa juu ya desturi zao, kisha wakafuatwa kwa miaka 15. Matokeo yalitangazwa mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta kabisa. Wataalamu waangalifu husema kwamba si kila avutaye huugua, wala si kila mgonjwa wa akili alivuta; tena wengine huanza kuvuta kwa sababu ugonjwa umekwisha kuanza kuwasumbua. Lakini uchunguzi wa nchi nyingine baada ya huo umeelekea upande ule ule: aanzaye mapema, avutaye kila siku, na avutaye iliyo kali, ndiye aliye katika hatari kubwa, na zaidi kama katika ukoo wake yumo aliyewahi kuugua akili.

Sababu yake si fumbo. Ubongo wa mwanadamu haukomai pamoja na ndevu. Waendelea kujengwa hata umri wa miaka 25 hivi. Ujanani ndipo kumbukumbu, uangalifu na uwezo wa kujizuia vinapowekewa msingi. Mjenzi gani amwagaye maji juu ya matofali mabichi, kisha akashangaa ukuta ukiinama? Katika watu kumi wavutao bangi, kama mmoja hufungwa nayo asiweze kuacha. Na kwa wale walioanza katika ujana, kama mmoja katika sita. Moshi wake una lami na gesi mbaya kama ule wa tumbaku. Mama mjamzito avutaye yumo katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Na dereva wa pikipiki aliyevuta huona breki ziko karibu, kumbe mkono wake umechelewa.

"MBONA WENGINE WAMERUHUSU?"

Wale wasafirio kwenda Kasumulu na Tunduma hurudi na habari kwamba ng'ambo ya mpaka bangi imeruhusiwa. Yafaa waelewe kilichoruhusiwa. Malawi ilitunga sheria yake mwaka 2020, na Zambia mwaka 2021: mwenye kibali cha Serikali aweza kulima kwa ajili ya dawa au viwanda, chini ya ukaguzi. Lesotho ilikuwa imetangulia kutoa vibali mwaka 2017. Katika Afrika ya Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima asishitakiwe kwa kutumia faraghani kwake. Lakini haikuruhusu kuuza, wala kumpa mtoto.

Umoja wa Mataifa nao uliiweka bangi chini ya mkataba wa mwaka 1961. Tarehe 2 Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, wajumbe wa tume yake waliitoa katika orodha ya zile zilizohesabiwa kuwa mbaya kabisa na zisizo na faida kwa tiba. Hiyo ndiyo habari wanayoisimulia vijana. Wasichosimulia ni kwamba siku ile ile bangi ilibaki katika orodha ya zile ambazo nchi hutakiwa kuzidhibiti kwa ukali. Dunia haikusema, "Vuteni." Ilisema, "Yafaa ichunguzwe kwa ajili ya wagonjwa."

Kwetu Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 yakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuisafirisha na kuiuza. Na kwa biashara kubwa adhabu yafika kifungo cha maisha. Mwenye shamba aruhusuye shamba lake litumike hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mbegu si zake. Twawaambia wakulima hasa. Twajua mahindi huanguka bei, na mbolea hupanda. Twajua mfanyabiashara huja jioni na fedha mkononi, akaomba kipande kidogo tu katikati ya mahindi, mahali pasipoonekana na njia. Fedha hiyo ni ya msimu mmoja, bali gereza ni la miaka, na watoto ndio watakaolima peke yao. Tena bangi itokayo katika shamba lako haiendi mbali. Yarudi katika shule ya mwanao.

KANISA LAFUNDISHA NINI?

Mungu alimuumba mtu kwa sura yake, akampa akili ya kujua lililo kweli na utashi wa kuchagua lililo jema. Kwa vipaji hivyo viwili mtu aweza kusali, kupenda, kuahidi na kutimiza ahadi. Basi yeye aizimaye akili yake kwa makusudi, ili apumzike kidogo na mzigo wa kuwa mtu, aharibu kile hasa kimfanyacho afanane na Muumba wake. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2291, yaliweka jambo hili chini ya Amri ya Tano. Yafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu za tiba peke yake. Na kwamba wazitengenezao kwa siri na kuziuza washiriki katika uovu ulio mkubwa. Angalieni: mlango wa tiba Kanisa halikuufunga. Lakini mlango huo ni wa hospitali, si wa kichochoro. Baba Mtakatifu Fransisko naye, alipozungumza mjini Roma mwezi Juni 2014, alikataa wazo la kuhalalisha hata zile dawa za kulevya ziitwazo laini.

Wako watakaouliza: "Mbona ulanzi mwaunywa?" Swali ni la haki. Twajibu kwamba anywaye ulanzi hata akapoteza akili, akampiga mkewe na kulala shimoni, naye ametenda dhambi, wala msimu wa ulanzi si msimu wa kusamehewa amri za Mungu. Mzazi alewaye kila jioni asishangae mwanawe akitafuta ulevi wake mahali pengine. Lakini ubaya wa mmoja haujawahi kuwa uzuri wa mwingine.

WAJIBU WETU

Wazazi wapenzi, mwanao akibadilika, akaacha kulala, akasikia sauti zisizosikiwa na wengine, akawashuku ndugu zake kwamba wataka kumwua, msikimbilie kusema amelogwa. Miezi mingi hupotea kwa waganga, na mbuzi wengi huuzwa, huku ugonjwa ukizidi kujikita. Ugonjwa wa akili una dawa, tena dawa zenye kipimo. Mpelekeni hospitali upesi, nanyi mwelezeni daktari kweli yote, hata habari ya bangi. Daktari si askari. Akifichwa kweli atatibu kwa kubahatisha. Msimfunge kamba, wala msimfungie chumbani kwa sababu ya aibu. Na mwenye kujua mahali iuzwapo aweza kupiga simu namba 119 ya Mamlaka bila malipo.

Walimu, mkimwona kijana amevuta, fukuzeni bangi kwanza kabla ya kumfukuza kijana. Akitoka langoni mwa shule bila mtu wa kumpokea, muuzaji yuko nje, naye atampokea. Na jumuiya zetu ndogo ndogo, ambazo hukusanyika kwa haraka penye msiba, zikusanyike pia penye mgonjwa huyu. Familia yenye mtoto aliyefungwa na bangi hujiona imetengwa hata kanisani. Itembeleeni kabla ya msiba.

Na wewe kijana ambaye umekwisha anza, nawe wataka kuacha usiweze, usidhani kwamba Mungu amekuacha. Katika nchi ya China aliishi daktari mkristu, jina lake Marko Ji Tianxiang. Alishikwa na ugonjwa wa tumbo, akajitibu kwa kasumba, maana nayo siku zile ilikuwa dawa. Ugonjwa ulipita, kasumba ikabaki. Alipokwenda kuungama dhambi ile ile mara kwa mara, padre alimnyima ondoleo, akidhani hana nia ya kweli ya kuacha. Maana haikujulikana bado kwamba uraibu ni ugonjwa pia. Akakaa miaka kama 30 bila Komunyo Takatifu. Hakuweza kuacha kasumba, lakini hakuacha kusali, wala hakuacha kwenda kanisani. Mwaka 1900 wakristu walipouawa katika ghasia za Mabondia, alikamatwa pamoja na watu wa nyumbani mwake. Aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wao atakayekufa peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Marko aliijua vema tofauti ya dawa na dawa, maana alikuwa daktari, na hata hivyo alinaswa. Asidhani basi mtu yeyote kwamba yeye ni mwerevu kuliko jani. Lakini asidhani pia kwamba jani lina nguvu kuliko neema. Aliyekwisha kunaswa na aende kwa daktari kwa ajili ya mwili wake, na kwa padre kwa ajili ya roho yake. Asiache mmoja kwa sababu ya mwingine. Na sisi tulio nje ya mtego huo tusimcheke, bali tumshike mkono.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee.

Mhariri